Siku sita na maboksi ya karani

Jumatatu: Nakuru hadi Kisumu

Matatu imejaa saa moja kasoro na tumeondoka. Nimekaa nyuma ya dereva, begi mapajani, kwa kuwa gunia la viazi la mtu nisiyemjua limeshawekwa pale ambapo miguu yangu ingekaa. Ndani ya begi mna penseli nne, kichongeo, daftari, kitambulisho na nakala yake, barua ya mwalimu mkuu inayothibitisha kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia, na picha ya babu yangu aliyopigwa studio Kakamega akiwa amevaa koti la kuazima.

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu anayesomea shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja cha huku magharibi alinitumia picha ya tangazo lililobandikwa mlangoni mwa maktaba yao. Makusanyo manne ya nyaraka yamemaliza kupangwa na sasa yako wazi kwa wasomaji. La tatu lilinisimamisha katikati ya barabara: karatasi za karani mwandishi wa barua, Kavirondo ya Kaskazini, 1926 hadi 1961. Lokesheni iliyotajwa ni ya kwetu. Chuo chenyewe sitakitaja jina. Nina malalamiko kidogo huko mbele na sitaki kumtia mtu matatani.

Kwetu Maragoli kuna hadithi ya Guga, yaani babu mzaa baba. Ni fupi: alifungwa na Wazungu kwa sababu ya dhahabu. Basi. Haina mwaka wala gereza, lakini kila mazishi lazima mtu aisimulie kifua mbele. Na inaingia akilini. Dhahabu ilipoonekana karibu na Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika na mahema yao. Serikali ilikuwa imeahidi, kwa sheria ya 1930, kwamba ardhi ya Waafrika haitachukuliwa bila kurudishiwa nyingine ya kiasi hichohicho. Desemba 1932 ikaigeuza sheria hiyo ili fidia iweze kuwa pesa tu. Ahadi ilidumu miaka miwili. Watu walikasirika kweli, na mimi ningependa sana Guga awe mmoja wao.

Salgaa tumekaa nyuma ya lori moja dakika ishirini. Mau Summit tumeshika njia ya kushoto, Londiani ukungu, Kericho mvua na chai mpaka macho yachoke kijani. Kila nikipita Kericho nakumbuka kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka vijiji vya Wakipsigis na mashine yake akirekodi nyimbo. Alichorekodi kinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurudishwa vijijini, wakati wachache tu waliokuwa vijana siku ile wakiwa bado hai kujisikia. Jirani yangu kwenye matatu alitaka kujua nacheka nini peke yangu. Nilikuwa nawaza sura ya kikongwe anayesikia sauti yake mwenyewe ya usichanani ikitoka kwenye spika.

Baada ya Awasi joto limeanza, Ahero harufu ya mpunga uliolowa, na saa sita na nusu niko Kisumu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na wakati huo hapa palihesabiwa kuwa Uganda. Mkoa huu uliingizwa upande wa Kenya mwaka 1902. Kwa hiyo anayetafuta barua za maofisa wa mwanzo kabisa wa Mumias au Kisumu ajue zilikuwa zikielekea Entebbe, si Nairobi. Nimewahi kumweleza hivyo mwanafunzi mmoja akadhani namtania.

Nalala kwa binamu yangu, Mamboleo. Omena, ugali, na maswali: kwani huyo Guga ana shamba mnalogombania? Wengi huuliza hivyo. Mtu hawezi kutafuta karatasi ya zamani bila kuwa na kesi.

Jumanne: maktaba

Begi kabatini. Kalamu ya wino kabatini. Chupa ya maji kabatini. Umeruhusiwa penseli, karatasi, na simu ya kupigia picha, bila kuwasha mwanga wake. Nilikuja nimejiandaa kuvalishwa glavu nyeupe kama kwenye filamu. Mhifadhi nyaraka, kijana mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alinionyesha sinki.

"Nawa mikono na ukauke kabisa, mwalimu. Glavu ni za picha tu. Ukivaa glavu kufunua karatasi hii huisikii kwa vidole, na utaichana."

Nikanawa, nikakausha, nikakaa. Nikajaza fomu tatu zinazouliza mambo yaleyale kwa mpangilio tofauti.

Karani huyu alikuwa mwandishi wa barua wa watu. Hakuwa karani wa serikali ingawa alifanya kazi hapo karibu na baraza la chifu. Mtu mwenye shida na Bwana Disii, yaani mkuu wa wilaya, alikwenda kwake, akaeleza kwa Kilogooli, naye akaandika kwa Kiswahili. Alipofariki watoto wake walihifadhi masanduku matatu ya bati darini, na wajukuu ndio walioyaleta chuoni. Kazi ya kuyasafisha imechukua miaka miwili. Kwanza karatasi zote zilifungwa kwa nailoni na kuwekwa ndani ya friza majuma mawili ili wadudu wafe. Ni friza hasa, kubwa, ya mfuniko wa juu, kama zile za wauza samaki pale Kisumu. Baadaye zikatolewa pini zilizoota kutu, moja moja, maana kutu hula karatasi kuzunguka pini hadi panabaki tundu la kahawia. Kisha brashi laini, bahasha zisizo na asidi, maboksi, namba.

Nikauliza orodha. Nikapewa kurasa kumi na nne. Nikatafuta jina la Guga: Vuyanzi. Hakuna. Nikajaribu Buyanzi, kwa sababu makarani wengi waliokuwa wamefundishwa uandishi wa sehemu nyingine waligeuza v yetu ikawa b. Hakuna. Wuyanzi, hakuna. Nikaanza kupandwa na hasira ya kijinga, ile ya mtu aliyelipa nauli.

"Mwalimu," kijana akasema, "hii orodha haina majina ya watu. Tumefuata mpangilio wa mzee mwenyewe. Yeye alipanga kwa shida."

Nikaitazama upya. Kweli. Kodi. Ng'ombe. Mipaka. Mahari. Barua za askari. Shule. Mambo ya liguru. Chini ya "mambo ya liguru" peke yake kulikuwa na bahasha saba, na anayejua jinsi maliguru, wale wasaidizi wa chifu vijijini, walivyopewa kazi ya kuhesabu nyumba za majirani zao hatashangaa. Nisingempata Guga kwa jina lake. Ningempata kwa kilichokuwa kinamsumbua, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nakijua.

Nikaanza na ardhi, kwa sababu ya dhahabu. Boksi la nne, mipaka, 1931 hadi 1936. Nimesoma hadi saa saba mchana. Ugomvi wa mtaro, ugomvi wa mti wa mvule, mtu aliyehamisha mawe ya mpaka usiku. Mgodi umetajwa mara tatu, na zote ni watu wanaoomba ruhusa ya kwenda kufanya kazi huko. Guga hayumo.

Mchana nikaomba boksi la saba, Kodi, 1934 hadi 1940. Kijana akaenda, akakaa, akarudi mikono mitupu. Kwenye rafu kuna la sita na kuna la nane. Kati yao kuna upana wa boksi moja na vumbi. Wakatafuta watu watatu. Hili ndilo lalamiko langu: miaka miwili ya friza na brashi, halafu boksi linatoka chumbani bila mtu kuandika limekwenda wapi. Kuna kadi maalumu ya kuacha mahali pa boksi lililotolewa. Kadi hizo ziko, nimeziona, mpya kabisa, zimefungwa na mpira.

Tukapiga gumzo tukingoja. Kijana anasema kila mgeni akisikia nyaraka za Kenya anauliza za London. Ni halali waulize. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokiri kwamba inayo mafaili yaliyosafirishwa kutoka makoloni 37 na kufichwa Hanslope Park, jengo la serikali hukohuko Uingereza, na ya Kenya yalikuwa kama 1,500. Yakaanza kufunguliwa Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mwaka uliofuata. Mengine mengi yalichomwa kabla ya uhuru. Halafu kuna mikrofilamu za mafaili ya wilaya zetu ambazo Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilizichukua miaka ya 1960, kiasi kwamba kuna wakati mwanafunzi wa New York aliweza kusoma ripoti za Kakamega kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Kakamega.

"Lakini hayo yote," akasema, "ni walichoandika wao juu yetu, au tulichowapelekea wakaamua kukitunza. Huyu mzee alitunza upande wa huku."

Saa kumi na moja wakafunga. Boksi la saba halijaonekana.

Jumatano: boksi la saba

Limepatikana. Lilikuwa chini ya meza ya maonyesho ukumbini, limebeba mguu wa ubao wa matangazo ili usiyumbe. Kijana alilileta bila kunitazama usoni. Sikusema neno. Mwalimu anajua lini mtoto ameshajiadhibu.

Ndani mna vitabu vitano vya nakala, vile vya kurasa mbilimbili na kaboni katikati. Barua iliandikwa kwa penseli ya zambarau, ile inayogeuka wino ikilowa. Ukurasa wa juu ulichanwa ukaenda bomani Kakamega, ambako makao ya Disii yalihamia kutoka Mumias mwaka 1920. Wa chini ulibaki kitabuni. Kwa hiyo ninachosoma ni kivuli cha barua, rangi ya samawati iliyofifia, na mahali karani alipokaza mkono herufi zimeng'aa. Alikaza mkono kwenye tarakimu. Shilingi 12 ni nyeusi karibu kama jana.

Kodi hiyo ilikuwa ya nyumba, na nyumba maana yake kila nyumba. Mwenye wake wawili alilipia mbili. Mjane aliyerithiwa, nyumba yake ilihesabiwa juu ya aliyemrithi. Mwaka 1920 iliongezwa ghafla kutoka rupia 5 hadi 8, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowaleta watu pamoja Lundha, Gem, Desemba 1921, katika mkutano wa Piny Owacho, hata ikapunguzwa kutoka shilingi 16, ndizo zile rupia 8, hadi 12. Kupunguzwa si kufutwa. Shilingi 12 kwa kibarua wa siku hizo ni mshahara wa mwezi, na kwa wengine zaidi ya mwezi. Aliyeshindwa aliweza kutupwa katika kambi za kizuizini zilizoanzishwa kwa sheria ya 1925 kwa ajili ya makosa madogomadogo.

Kitabu cha nne kinaanza Januari 1939. Barua ya kwanza: mtu anamwarifu Bwana Disii, kwa salamu nyingi sana, kwamba nyumba ya mke wake wa pili imeanguka kwa sababu ya mchwa, na hivyo anaomba ifutwe kwenye daftari. Masikini, nikawaza. Ya tatu: nyumba imeanguka, mchwa. Ya nne ni ya ng'ombe aliyeingia hapo kimakosa. Ya sita: nyumba imeanguka, mvua. Ya saba: mchwa. Hapo nikaweka penseli chini nikarudi mwanzo kuhesabu. Kuanzia Januari hadi Juni 1939 kwenye lokesheni yetu zilianguka nyumba tisa. Tano ziliangushwa na mchwa, tatu na mvua, na moja iliungua. Katika barua zote tisa sentensi ni ileile, nyumba "ilianguka yote kabisa na hakuna mtu alalaye humo." Hii "yote kabisa" ni ya karani. Naisikia sauti yake. Mtu anasimama mbele yake anakuna kichwa, na yeye ameshalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

Pembeni ya kila barua kuna alama ndogo za malipo. Kuku 1. Yai 6. Yai 4, na deni.

Ya nane ni ya Guga.

Sikumtambua mara moja kwa kuwa ameandikwa "Buyansi," kwa s. Jina la babake ndilo lililonishtua, na jina la kilima. Machi 1939. Anamwambia Bwana Disii kwamba ndugu yake mkubwa alifariki, kwamba nyumba ya marehemu ilianguka yote kabisa mwaka jana wakati wa mvua, kwamba mjane amerudi kwao, na kwamba liguru anaendelea kuihesabu kana kwamba imesimama. Anaomba, "tafazali," asilipie nyumba ambayo haiko. Mwishoni, pale pa kutia sahihi, hakuna alama ya dole. Kuna jina, kwa mkono mwingine, mkono unaopanda mlima: aliandika mwenyewe, na uzito wa mkono wake ulipita kwenye kaboni ukafika hadi kwangu. Chini yake, yai 6.

Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mistari kumi na mmoja. Nilikuwa sijawahi kuona mwandiko wake. Y yake ina mkia unaopinda kulia, kama ya baba. Kama yangu, nikiandika ubaoni haraka.

Halafu nikaanza kumwonea huruma, na papo hapo nikaanza kumshuku.

Alhamisi: hakuna stima

Saa tatu stima zimepotea. Jenereta ya maktaba ni ya kompyuta tu, na kompyuta zenyewe zilikuwa zikiskani ramani za mtu mwingine. Nimesoma karibu na dirisha hadi mawingu yakafunga, nikakata tamaa. Kijana amenipa fomu ya ridhaa ya masimulizi, iwapo nitampata mzee wa kunieleza zaidi, na kunionya nisiache simu ndani ya mfuko wakati wa kurekodi kwa kuwa nguo husuguana na sauti huharibika.

Mchana nimerudi Kisumu, nikatembea hadi bandarini, nikala samaki. Nimeandika mpangilio wa majina kwenye daftari ili nisichanganyikiwe tena: Kavirondo ya Kaskazini, kisha Nyanza ya Kaskazini, kisha Mkoa wa Magharibi tangu uhuru, Wilaya ya Kakamega, Wilaya ya Vihiga tangu 1990, leo Kaunti ya Vihiga. Boma la Guga halijasogea hata hatua moja, nalo limekaa ndani ya anwani zote hizo.

Ijumaa: kwa Senge

Matatu ya Kakamega, Kiboswa, Majengo, kisha bodaboda kupanda kati ya yale mawe makubwa ambayo wageni hudhani yamebandikwa. Nimebeba sukari, majani ya chai, mkate na kilo mbili za nyama. Senge, dada ya baba, ndiye peke yake aliyebaki kwenye kizazi kile. Kitambulisho chake kinasema 1938. Miguu imekataa lakini masikio yamo, na ulimi ndio usiseme.

Tumekula nduma na chai kwanza. Huwezi kufika kwa Senge ukafungua daftari kabla ya kikombe cha pili. Akauliza watoto, akauliza mume, akauliza kwa nini nimekonda, akaniambia habari za majirani watatu, wawili wao wamefariki. Ndipo nikamwomba ruhusa, nikaweka simu juu ya stuli kati yetu, nikamsomea ile barua kutoka kwenye picha.

Akanyamaza. Akasema, "Soma tena hapo pa nyumba."

Nikasoma. Ilianguka yote kabisa mwaka jana wakati wa mvua.

"Mwaka gani huo?"

"Barua ni ya 1939, Senge. Kwa hiyo mwaka jana ni 1938."

Alianza kucheka kimyakimya, mabega tu, halafu kicheko kikamshinda hadi akavua kitambaa cha kichwa akajifutia macho.

"Na mimi nilizaliwa wapi, basi? Juu ya mti?"

Mjane aliyerudi kwao alikuwa mama yake. Hakurudi kokote. Guga alimrithi kama mila ilivyotaka, na Senge akazaliwa katika nyumba hiyohiyo, katika mvua hizohizo zilizoiangusha. Ilisimama hadi yeye alipokuwa msichana wa kuchota maji. Anakumbuka nguzo yake ya kati, jinsi ilivyong'aa kwa kuegemewa.

Nikamweleza kuhusu nyumba tisa na mchwa. Hakushangaa hata kidogo. "Karani alikuwa na barua ya kila kitu," akasema. "Ukiwa na yai anakuandikia. Mama alisema alikuwa na ya nyumba, ya ng'ombe aliyekufa, na ya mtoto mgonjwa wa kumtoa mtu kwenye kazi ya barabara."

Na Disii alifanya nini? Hapo Senge akasogeza kiti. Disii alimrudishia chifu, chifu akamrudishia liguru, na liguru, ambaye Guga alikuwa amemshtaki, akaja mwenyewe asubuhi na mapema na askari wa baraza kuangalia nyumba iliyoanguka. Wakaiona kutoka ng'ambo ya mto. Ilikuwa ikifuka moshi. Mama yake alikuwa akimpikia mtoto uji.

"Nyumba imeanguka na inapika," Senge akasema, na kuanza kucheka tena.

Siku kumi na nne, akipasua kokoto za barabara. Hilo ndilo gereza.

"Na dhahabu, Senge? Tunasema kila siku ilikuwa dhahabu."

Kicheko kikaisha. Dhahabu ni ya huyo ndugu, akasema. Yule marehemu. Alikwenda kufanya kibarua kwenye shimo upande wa Kakamega ili alipe kodi ya nyumba yake, hiyohiyo, na shimo likambomokea. Walimleta kwa machela siku mbili. Kwa hiyo nyumba ya mtu aliyefia kodi ikaendelea kudaiwa kodi, na Guga akaona afadhali aiangushe kwa barua. Watoto walipochanganya hayo mawili, wazee waliwaacha. Kufungwa kwa sababu ya dhahabu kuna heshima zaidi kidogo kuliko kufungwa kwa sababu ya moshi.

Nikamwonyesha sahihi. Haoni vizuri, kwa hiyo nikaikuza hadi ile y ikajaa kioo chote cha simu. Akaifuata mkia kwa kidole, na kioo kikasogea chini ya kidole, kikapotea, nikakirudisha. Akajaribu tena. Mara tatu.

Fomu ya ridhaa akaitia sahihi mwenyewe. Ilichukua muda, na hakutaka nimshikie karatasi. Nikamsomea sehemu ya vizuizi: unataka wasikilize wote, au baada ya miaka fulani, au baada ya wewe kuondoka? Akasema ya moshi mpe kila mtu, hata hao wa liguru, wajukuu wake bado wako pale chini, waambie.

Kisha akauliza kama simu bado inasikia.

"Inasikia, Senge."

"Izime."

Nikaizima. Aliyosema baada ya hapo yalikuwa juu ya mama yake na ile nyumba, na nilitoka pale saa kumi na mbili jioni nikikimbizana na giza.

Jumamosi: maktaba, kisha Nakuru

Maktaba inafungwa saa sita leo. Nimemkuta kijana anaweka kadi kwenye rafu, moja kwa kila boksi lililotoka. Hatukuitaja habari hiyo. Tumeihamisha rekodi kwenye kompyuta yao, akaipa namba, akaanza kujaza karatasi yake huku akiniuliza. Lugha: Kilogooli na Kiswahili. Mahali. Tarehe. Uhusiano wangu na msimulizi.

"Nitaiandika pia kwenye orodha ya boksi la saba," akasema, "ili anayeisoma barua ajue kuna sauti. Niiweke chini ya nini? Masimulizi ya familia?"

"Kodi."

Akaandika. Vizuizi: hakuna. Akavaa vipokea sauti kuhakikisha faili imefika salama, akasikiliza mwanzo, akaruka hadi mwisho, akakunja uso.

"Dakika arobaini na moja. Inakatika katikati ya maneno, mwalimu. Kuna sehemu ya pili?"

"Imeishia hapo."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua penseli, akaandika kwenye nafasi ya hali ya rekodi, kwa herufi ndogo nadhifu: inakatika. Akaniomba nitie sahihi chini yake. Nikatia, mkia wa y ukapinda kulia, nikaenda kuchukua begi langu kabatini.